Majani Yanayopiga Sufuria

Mara ya kwanza aliponisalimia nikiwa mtu mzima, mwenye mume na meza yangu ya vitenge sokoni, hakunipa mkono. Alinyoosha kidole gumba, akanivuta ukope wa chini, akachungulia ndani ya jicho langu huku wateja wakitazama. Akaniambia damu yangu ni hafifu, nile mboga ya lengalenga na maini. Ndipo akauliza habari za nyumbani. Sisi wa koo za wafanyabiashara wa Kiislamu wa mji wa Uvira tumelelewa na salamu ndefu, tunauliza wazazi, watoto, mpaka majirani kabla ya kufika kwenye jambo, na huyu alianzia ndani ya jicho langu. Nilibaki mdomo wazi, kitenge cha mteja kikiwa bado mkononi.

Alikuwa amenifundisha biolojia zamani. Huku kwetu mwalimu wa sekondari huitwa Prof, na mtaa wetu mzima wa Kilibula ulimwita hivyo hata baada ya kustaafu, kwa hiyo nami sitamwita jina lingine.

Ukope ndio ulikuwa salamu yake kwa kila mtu. Aliwavuta wanaume wakitoka msikitini Ijumaa, akawavuta wanakwaya wa kanisa lake wakiwa tayari wamejipanga kuimba. Siku moja polisi alimsimamisha njiani akitaka kitambulisho. Prof akamvuta ukope yule polisi. Mimi niliyekuwa nyuma yake nilijua leo tunalala ndani sote wawili. Polisi akasimama wima, akauliza kwa sauti ya chini ameona nini. Prof akamwambia anakunywa sana na hapati usingizi, akapita zake. Kitambulisho hakikutajwa tena, na mpaka leo sielewi ilikuwaje.

Darasani alikuwa mtu wa vita. Mwili, alisema, ni mji, na mji una askari wa namna mbili. Wako wa mlangoni, wasiojua adui kwa jina wala kwa sura, ambao kazi yao ni kumrukia kila mgeni. Na wako wanaochelewa kufika, lakini wakishamwona adui mara moja hawamsahau mpaka mtu anakufa. Walimu wengine waliwakimbilia hawa wa pili kwa sababu ndio walioulizwa kwenye mtihani wa serikali. Yeye aliwapenda wa mlangoni. Aliwazungumzia kwa uchungu, kana kwamba ni ndugu zake waliokuwa hawajalipwa mshahara.

Kijana mmoja wa kijiji cha Katogota aliwahi kumuuliza hao askari wa mlangoni wanakula nini. Darasa zima lilicheka, na halikuwa cheko la furaha, maana mtoto wa bonde la Ruzizi anajua vizuri sana askari anakula wapi. Prof hakucheka. Alisema wanakula unachokula wewe, na vita ikirefuka wanakula kidogo na wewe mwenyewe, ndiyo maana mgonjwa hukonda. Mwingine, ambaye wazazi wake walichunga ng'ombe kule Bijombo, akauliza itakuwaje wakiamshwa na adui hayupo. Prof alijibu kwamba adui hakosekani. Tuliandika jibu hilo kwenye madaftari, tukapita mtihani, tukalisahau.

Alipostaafu alihamisha darasa uani kwake. Alipanda mubirizi ukuta mzima, ule mti mchungu ambao bibi zetu wote waliujua. Muravumba alioupanda karibu na mlango ulinukia mpaka barabarani. Mshubiri ulikuwa ndani ya madumu yaliyokatwa nusu. Alfajiri, umande ukiwa bado juu ya majani, ungesikia kinu chake kabla ya jogoo wa jirani. Mubirizi na muravumba aliichemsha. Ute wa mshubiri hakuuchemsha kamwe, aliuongeza mwishoni dawa ikishapoa, akisema moto unakata nyuzi za ile sukari yake na sukari iliyokatwa haimwamshi mtu. Kinywaji kilichotoka hapo kilikuwa kichungu kupita maelezo. Watoto wa mtaa walikiita la punition, yaani adhabu. Hakudai malipo isipokuwa sabuni, na sabuni yenyewe ulinawia mikono pale pale mbele yake kabla hajakupa kikombe. Nadhani yeye mwenyewe hakubaki na hata kipande.

Namna alivyokieleza kinywaji hicho ndiyo iliyowakamata watu. Katika mitaa yetu, wezi wakivamia nyumba, mwenye nyumba hapotezi muda kulia. Anashika sufuria na mwiko, anapiga. Jirani akisikia naye anapiga yake, na yule wa mbele anapokea, mpaka avenyu nzima inalia na wanaume wanatoka na marungu.

"Majani yangu haiui mududu hata moja," Prof alituambia. "Iko inapiga sufuria tu. Askari wenyewe njo wanatoka."

Alifafanua kwamba ndani ya mimea mna sukari ndefu ndefu na vitu vingine vichungu, na askari wa mlangoni wanapovigusa, vinaonekana kwao kama koti la kijidudu. Wanadhani mwizi kaingia. Wanaitana, wanajaa barabarani, mwili unapata joto. Mwizi hayupo, lakini avenyu iko macho, na akija wa kweli atawakuta wamesimama. Mimi muuza vitenge nililielewa hilo bila kalamu. Nilishangaa sana kwamba uchungu ule ule ambao bibi yangu alinilazimisha kunywa kwa fimbo ulikuwa na maelezo mazuri namna hiyo.

Msidhani alikuwa mmoja wa wale wanaotibu kila kitu kwa chupa moja. Ukifika kwake unaharisha maji meupe, hakukukaribisha hata kitini. Kipindupindu hakingoji sufuria, alisema, akakukimbiza hospitali na mara nyingine akalipa mwenyewe pikipiki. Mwenye kifua kikuu alimwapisha mbele ya mashahidi kwamba hataacha vidonge. Watoto wa mtaa aliwapeleka kwenye chanjo akiwa ametangulia mbele kama kiongozi wa maandamano. Hapo hapo, yeye mwenyewe aliogopa sindano kuliko mtoto yeyote. Nilimwona kwa macho yangu siku alipokanyaga msumari: alimwambia nesi wa kituo cha afya, bwana mmoja jirani yake, amdunge haraka kabla hajabadili mawazo, akafumba macho, akaanza kuimba pambio. Nesi hakuwa hata amefungua kichupa.

Na huyo nesi ndiye aliyekuwa mwiba wake. Kwa miaka walibishana juu ya ukuta unaotenganisha kituo cha afya na kiwanja cha Prof. Nesi alisema majani yale ni maji machungu, basi, na anayepona alikuwa apone tu. Prof alichukua maneno hayo kama tusi la mama. Kilichomuuma zaidi, aliniambia siku moja akinisaidia kufunga meza, ni kwamba hakuna msomi hata mmoja aliyewahi kumwambia ana kosa wapi au ana ukweli wapi. Wageni wenye kamera walikuja mara moja, wakapiga picha mubirizi wake, wakaahidi kupeleka majani maabara, wakapotea. Alikuwa tayari kuambiwa amekosea, alisema. Ila angetamani, kabla hajafa, msomi mmoja wa kweli amtazame usoni na kumwambia kwamba dawa yake inafanya kazi.

Nilimhurumia. Nilidhani anaomba jambo dogo.

Sasa niseme habari za Riziki. Alikuwa mtoto wake wa mwisho, na mama yake alifariki binti akiwa mdogo, kwa hiyo Prof alimlea mwenyewe, akimsuka nywele kwa mistari iliyopinda tuliyoicheka mtaa mzima. Riziki alikuwa binti mcheshi, mwenye sauti kubwa, aliyesomea ualimu ili awe kama baba yake. Akiwa karibu kumaliza masomo akaanza kuchoka. Asubuhi vidole vilimkakamaa asiweze kufunga kifungo. Prof akamvuta ukope, akaona damu imepungua, akaenda uani.

Hapa lazima nieleze desturi yetu, maana bila hiyo hamtaelewa ilikuwaje watu wenye akili timamu tukatazama na tusione. Huku dawa ya majani isiyokutikisa hatuihesabu kuwa dawa. Ukinywa ukalala fofofo bila jasho, utaambiwa haijashika, ongeza. Ukinywa ukapata joto, viungo vikauma, kichwa kikagonga, watu wanakupa hongera. Imeshika. Ndivyo walivyoamini bibi zetu. Alichofanya Prof ni kuipa imani hiyo sababu za darasani: lile joto, alisema, ni kelele za askari wakitoka. Dawa ya moto ni moto.

Riziki alikunywa akapata homa. Mtaa ukafurahi. Viungo vikavimba. Prof akasema wamefika mpaka kwenye magoti, akaongeza kikombe cha jioni. Ngozi ya mashavu na ya juu ya pua ikabadilika, ikawa nyeusi yenye wekundu, upana wa kiganja, na akitoka juani ilichoma. Damu inatafuta kutoka, tukasema. Nasema tukasema, kwa sababu na mimi nilikuwepo na nilisema. Nilimpelekea uji na nikamtia moyo avumilie.

Siku iliyonitoa usingizini nilikuwa nimekaa nyuma yake namsuka, maana nilikuwa nimemkataza Prof kazi hiyo. Nilivuta kishungi kidogo tu, kwa upole, kikanijia chote mkononi. Nikashika kingine, nacho kikaja. Riziki hakugeuka. Alisema tu nivitie kwenye mfuko ili baba asivione sakafuni. Nikavitia. Nilitazama miguu yake chini ya kitenge, nikaona imejaa mpaka kifundo kimepotea. Nikamuuliza habari ya haja ndogo, kama mwanamke anavyomuuliza mwanamke, akasema ina povu kama maji ya kufulia.

Nilimfuata Prof uani nikamwambia kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwa mwalimu wangu kwamba mtoto huyu anakwenda hospitali Bukavu. Barabara siku hizo mara inapitika mara haipitiki. Tuliposikia magari yamepita Katogota salama tukaondoka, mimi nikiwa mlinzi wa mgonjwa, au garde-malade kama tunavyosema huku. Prof alibeba dumu la kinywaji katikati ya miguu yake njia nzima. Kwenye makona ya mlima, gari likiyumba, alishika dumu kwa mkono mmoja na Riziki kwa mwingine.

Daktari aliyetupokea alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Alichukua damu, akachukua mkojo, akatuweka tukingoja. Majibu yalipotoka alituita sote watatu. Alieleza polepole kwamba mwili wa Riziki umeshindwa kutofautisha mwenyeji na mgeni. Ulinzi wake wenyewe unapiga viungo vyake, ngozi yake, na sasa umeingia kwenye figo. Ugonjwa huo una jina, unaitwa lupus, na hauponi, ila hutulizwa. Kisha akauliza kama msichana ametumia dawa yoyote ya kienyeji.

Nilijua kitakachofuata. Prof alivuta kiti mbele, akakohoa, akaanza. Alimweleza kuhusu sukari ndefu, koti la kijidudu, mshubiri usiochemshwa, sufuria na avenyu. Alieleza vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia. Alikuwa anajitetea mapema, kwa miaka yote ile ya nesi na ukuta, akingoja kuambiwa kuwa ni maji machungu. Daktari hakumkatiza. Alivaa miwani yake, akamtazama usoni.

"Unasema kweli, Prof," alisema. "Ile majani iko na vitu vyenye vinaamsha askari wa mulangoni. Si maji ya bure. Iko inafanya kazi."

Niliuona uso wa Prof ukifunguka. Kwa kitambo kidogo sana, Mungu anisamehe, alikuwa mtu mwenye furaha.

"Na kwa mutoto huyu," daktari akaendelea, "njo shida yenyewe. Askari wake wamesha kugeuka. Ugonjwa ungekuja hata bila weye, uelewe vizuri. Lakini kila kikombe kilikuwa kinaongeza kuni."

Nimewahi kusikia risasi zikipigwa karibu na nyumba yangu, nimewahi kuona maji ya mafuriko yakibeba kuta za majirani Uvira, lakini sijawahi kushtuka kama nilivyoshtuka kwenye chumba kile chenye feni na kalenda. Mtu alikuwa ameomba jambo moja maishani mwake, akapewa. Prof aliinama, akalisukuma dumu kwa mguu mpaka chini ya kiti, taratibu, kama anaficha uchi. Kikulacho ki nguoni mwako, marehemu mama yangu alizoea kusema, na siku zote nilidhani anasema habari za marafiki wabaya.

Riziki alipewa dawa za kuwalaza wale askari. Fikirieni hilo. Mtu aliyetumia maisha yake kuwaamsha, sasa ndiye aliyebeba mfuko wa vidonge vya kuwalaza. Daktari alimfundisha yeye, si mimi, namna ya kumpa binti, na akamwonya kwamba visikatizwe ghafula hata siku moja, maana figo hazitavumilia. Akasisitiza kwamba mgonjwa aseme kila anachosikia mwilini, kibaya na kizuri, kwa sababu dawa hizi nazo ni kali na hubadilishwa kufuatana na anachosema. Prof aliitikia kwa kichwa. Njia ya kurudi, mpaka tunateremka bondeni, hakuvuta ukope wa mtu.

Jambo alilofanya baada ya kufika halikupita akilini mwa yeyote kati yetu. Kesho yake mchana kweupe, jua likiwa utosini, tulisikia sufuria inalia. Hakuna anayepiga sufuria mchana. Nilidhani mji umevamiwa. Nilifunga meza bila kukunja hata kitambaa kimoja, nikakimbia, na wenzangu walikimbia, binamu yangu mchinjaji akiwa na kisu chake na damu ya mbuzi. Tulipofika tukamkuta Prof amesimama mbele ya lango lake, na tai yake ya ualimu na ndara zake, anapiga. Hakuacha mpaka barabara imejaa.

Akatuambia. Hakuzungusha maneno, hakutaja Mungu wala shetani. Alisema alitufundisha kwamba joto ni dalili ya dawa kushika na kwamba ulinzi hauwezi kuzidi kiasi, na amekosea. Akataja dalili moja moja: viungo vya asubuhi, mashavu, nywele, miguu, povu. Mwenye mojawapo asinywe kinywaji cha Prof wala cha mwingine yeyote anayeuza vya kuamsha mwili, aende hospitali. Akasema ni kwa binti yake alikojifunzia. Watu waliduwaa na marungu yao mkononi. Mzee mmoja aliyewahi kupona kikohozi kwa dawa yake alimwambia aache kujidhalilisha. Mama mmoja alitema mate chini, akaondoka na watoto wake. Wengine wakanong'ona kwamba mganga hajigangi, na ndiyo maana kachanganyikiwa. Yule nesi alikuwa amepanda juu ya ukuta wake. Nilimsubiri acheke, maana siku hii aliingoja kwa miaka. Badala yake alisema mbele ya watu wote kwamba naye kila akipata mafua alimtuma mkewe kwa Prof kwa siri akachukue chupa. Mkewe aliyekuwa pale chini akajifunika uso kwa kitenge. Hata Prof alimtazama kwa mshangao.

Miti hakuing'oa. Wengi walimtegemea afanye hivyo na wakakasirika aliposema mubirizi haukumkosea mtu. Anayekuja kwake sasa anaulizwa maswali mpaka anajuta kuja, na wengi wao hurudishwa mikono mitupu.

Nilikwenda kwao hivi karibuni, kiangazi hiki, vumbi likiwa limefunika hata majani ya mubirizi. Nilimchukulia Riziki kofia pana, kwa sababu jua bado ni adui yake. Nilimkuta ndani, mbali na dirisha. Vidonge vimemvimbisha uso, umekuwa mviringo, lakini nywele zimeanza kurudi na miguu imepungua. Prof alikuwa jikoni anapika chai. Alinisalimia kwa sauti kutoka kule kule. Nikakaa, nikasema alhamdulillahi, sasa nakuona mtu.

Riziki akanisogelea karibu. Akaniambia kwa sauti ndogo kwamba vidonge vinamchoma tumbo sana, na mara nyingine anavitapika nyuma ya nyumba, na anafukia. Nikamuuliza kama baba yake anajua. Akasema hapana, na nisimwambie, kwa sababu akijua kwamba na hii nayo inamuumiza atakufa yeye kwanza. Nikamkumbusha figo. Nikamkumbusha daktari alisema nini. Alinisikiliza, kisha akanong'ona.

"Mama, hata ile ya majani nilikuwa najua. Tangu mwanzo kabisa. Nilikuwa nakunywa, nasikia iko inaniua polepole."

"Na ulinyamaza kwa nini?"

"Papa alikuwa anasimama hapa na kikombe. Ungemwona uso yake."

Nilimwona. Alikuwa mlangoni na sinia ya chai mikononi, na kwa namna alivyosimama nilijua hakufika sasa hivi. Vikombe viligongana. Alitembea mwenyewe mpaka mezani, akatua sinia, akakaa sakafuni karibu na miguu ya binti yake. Mzee mwenye tai, sakafuni. Sikujua nitazame wapi.

"Ulikuwa unajua," alisema.

"Ndiyo, Papa."

"Na hii ya sasa, unaitapika."

"Mara zingine."

Nilingoja alie, au agombe, au aanze somo. Alitazama vidole vya miguu ya Riziki. Kisha akasema kesho wataenda kwa daktari wa hapa hospitali kuu, ampigie yule wa Bukavu, na Riziki atasema yote yeye mwenyewe, baba atanyamaza. Riziki akauliza kama kweli ataweza kunyamaza. Prof akasema atajaribu.

"Mutoto wangu, miye nitavumilia kila kitu utaniambia," alisema. "Usinifiche tena. Hata kama iko mubaya. Hata kama kosa iko ya miye."

Riziki alifuta macho kwa nyuma ya mkono, akachukua kikombe kwenye sinia, akanywa. Prof akamtazama kutoka kule chini. Nami nilikuwa nimeshaonja changu na nilikuwa nakimeza kwa adabu, kama mgeni anavyotakiwa.

Riziki akashusha kikombe.

"Papa," alisema, "hii chai iko mubaya. Iko na moshi."

Prof alisimama kwa kujisukuma na mkono. Akachukua kikombe cha Riziki, akachukua na changu, akaenda kuvimwaga uani, na tukamsikia akitia maji mengine motoni.